Ujumbe Uliotoka Thika Kwenda Ruiru

Wanangu, kabla sijafika kwenye habari za katiba, wenyeviti na waweka hazina, nataka tufanye hesabu moja pamoja. Chukueni kalamu na karatasi.

Mwaka ni 1999. Msichana ameketi kwenye saiba mjini Thika, anamwandikia binamu yake wa Ruiru baruapepe. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 20 hivi, na matatu isipokwama pale Juja hata usingizi hautakupata. Msichana amemaliza, amebofya, ujumbe umeondoka. Unateremka Nairobi kwa waya wa simu mpaka kwenye kampuni inayompa mwenye saiba intaneti. Binamu naye ni mteja wa kampuni nyingine. Ofisi za kampuni hizo zote mbili ziko katika jiji hilo hilo, lakini hakuna hata waya mmoja unaozikutanisha. Basi ujumbe unarushwa angani hadi kwenye setilaiti iliyoko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kutoka huko unateremka Marekani au Ulaya, maana kila kampuni imekodi njia yake ya kwenda ng'ambo, na ng'ambo ndiko njia hizo zinakokutana. Ujumbe unakabidhiwa kampuni ya pili, unarushwa tena juu, unashuka tena Nairobi, ndipo unapelekwa Ruiru.

Haya, jumlisheni. Kupanda mara mbili na kushuka mara mbili, kila safari kilomita 36,000. Mmepata 144,000? Vizuri. Sasa gawanyeni kwa 40,000, ambayo ni kilomita za kuizunguka dunia yetu mara moja kwenye ikweta. Salamu za binamu zimesafiri zaidi ya mara tatu na nusu ya mzunguko wa dunia ili zifike mji wa jirani. Na safari hiyo ya angani ililipiwa kwa dola. Kampuni ilimlipa mwenye setilaiti, mwenye saiba akailipa kampuni, na msichana akamlipa mwenye saiba kwa kila dakika aliyokaa pale.

Kosa halikuwa la mitambo. Fundi yeyote hodari wa wakati ule angeweza kuziunganisha ofisi mbili za Nairobi. Kilichokosekana ni makubaliano ya watu, na hadithi yangu ya leo inahusu makubaliano hayo: namna watu walivyokaa wakaanzisha mtandao wa kompyuta usiotafuta faida, wakautunza, wakagombana juu yake, na wakaendelea kuumiliki pamoja. Naipenda hadithi hii kwa sababu imetokea hapa kwetu, na kwa sababu sehemu yake kubwa bado haijatokea. Inawangoja ninyi.

Jiwekeni katika viatu vya wenye kampuni za intaneti za Nairobi za wakati ule. Mmoja anasema, "Leteni nyaya zenu ofisini kwangu, tuziunganishe hapa." Wenzake wanatazamana. Anayeshika mahali pa kukutania ataona wateja wa kila mtu wanavyotumia mtandao. Siku mkikosana atachomoa waya wako. Siku akihitaji pesa atakupandishia ada, nawe utakuwa huna pa kwenda. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na mwenye kampuni aliyeionyesha hakuwa mchoyo. Kwa hiyo kila mmoja akaendelea kulipia setilaiti, na pesa za Kenya zikaendelea kuvuka bahari ili Wakenya waongee na Wakenya.

Walipopata ufumbuzi, haukuwa wa kompyuta. Waliunda chama. Mwaka 1999 kampuni hizo zilianzisha TESPOK, chama cha watoa huduma za mawasiliano nchini Kenya, chama kisichogawana faida. Wakakubaliana kwamba mahali pa kukutania patakuwa pa chama. Chama hakitamuuzia mtu yeyote intaneti, kwa hiyo hakitakuwa mshindani wa mwanachama yeyote. Kila kampuni itajiletea waya wake hadi pale kwa gharama yake, na gharama za mitambo ya katikati watazibeba wote. Mahali hapo wakapaita KIXP, kituo cha Kenya cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti.

Ukikitazama kwa macho, kituo cha namna hiyo hakikushangazi. Ni chumba chenye kabati la chuma, swichi inayopokea nyaya za kila mwanachama, vifaa vya kupoza joto, na jenereta kwa ajili ya siku stima inapopotea. Ndani ya swichi hiyo, ujumbe wa mteja wa kampuni ya kwanza unahamia kampuni ya pili bila kutoka Nairobi.

Kilifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2000. Kikadumu wiki mbili.

Telkom Kenya, shirika la simu la taifa, lilikuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Kampuni za intaneti zilikuwa zikililipa ili mawasiliano yao yapelekwe nje ya nchi. Shirika likalalamika mbele ya Tume ya Mawasiliano ya Kenya kwamba kituo kipya kinaingilia haki hiyo. Tume ikaamua kwamba kituo kinahitaji leseni, na kwamba bila leseni ni kinyume cha sheria. Kikazimwa.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana ndipo chama chochote hupimwa. Kampuni zile zingeweza kutawanyika. Kila mwenye kampuni angerudi kwenye setilaiti yake na kumtupia mwenzake lawama. Badala yake zilipeleka rufaa kwa pamoja mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano, na zikawaeleza wakubwa wa serikali, tena na tena, kwamba kituo hakibebi chochote kwenda nje ya nchi. Ujumbe wa Thika kwenda Ruiru si simu ya kimataifa. Uliwahi kuwa wa kimataifa kwa sababu tu hapakuwa na njia ya nyumbani. Ilichukua karibu mwaka mzima. Leseni ilitolewa Novemba 2001, na katikati ya Februari 2002 KIXP ikawashwa tena, kampuni 5 zikiwa zimeunganishwa.

Matokeo yalipimwa. Ujumbe mdogo uliokuwa ukienda na kurudi kwa setilaiti kwa muda wa kati ya milisekunde 1,200 na 2,000 sasa ulikwenda na kurudi kwa milisekunde 60 hadi 80. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sekunde mbili mtaziona ndogo, lakini ukurasa mmoja wa intaneti huhitaji mazungumzo mengi ya kwenda na kurudi kati ya kompyuta yako na seva, na sekunde mbili mara nyingi ni muda wa kukata tamaa. Mwaka 2012 Jumuiya ya Intaneti, shirika la kimataifa lisilo la faida, ilichapisha utafiti uliokadiria kwamba kituo hicho kilikuwa kikiziokolea kampuni za Kenya karibu dola milioni 1.5 kila mwaka. Kufikia 2020, utafiti uliofuata ulionyesha kwamba sehemu ya mawasiliano ya intaneti ya Kenya inayopatikana hapa hapa nchini imepanda kutoka asilimia 30 hivi hadi asilimia 70 hivi.

Mnaweza kuyaona haya wenyewe. Kwenye kompyuta ya shule yenye Windows, mwombeni mwalimu awafungulie dirisha la kuandika amri, kisha mwandike tracert, mwache nafasi, mwandike anwani ya tovuti ya chuo kilicho karibu nanyi. Kompyuta itawaorodheshea ruta ambazo ujumbe wenu umepitia, na kando ya kila moja idadi ya milisekunde. Kisha jaribuni tovuti ya shule iliyoko Japani. Linganisheni namba. Mtoto aliyefanya zoezi hilo mara moja haitazami tena intaneti kama kitu kinachoelea mawinguni. Anajua ina barabara, na barabara ina mwenyewe.

Sasa tutoke kwenye kampuni, twende vyuoni. Kando ya barabara hii yetu ya Thika vyuo vikuu vimejipanga: Kenyatta pale Kahawa, Zetech upande wa Ruiru, JKUAT hapo Juja, Mount Kenya mjini Thika. Vinashindana. Kila kimoja kingependa wewe, ukimaliza kidato cha nne, ujiunge nacho na umwache jirani yake. Lakini kuna jambo vyuo vya Kenya viliamua kutoshindania. Mwaka 1999 vilianza kuunda KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, ambao ni wakfu usio wa faida wenye bodi ya wadhamini, na katika bodi hiyo wamo wakuu wa vyuo wenyewe. Kenyatta na JKUAT ni miongoni mwa wanachama wake.

Sababu ilikuwa bei. Chuo kimoja kikienda peke yake kununua intaneti, kitauziwa kwa bei ya rejareja. Vyuo vingi vikienda kwa sauti moja, muuzaji ataketi na kuzungumza. Katika miaka ya setilaiti hata bei ya jumla ilikuwa ya kuumiza, na chuo kizima kilitumia njia nyembamba kuliko ile inayoingia leo katika simu ya mtu mmoja. Mwaka 2009 nyaya za faiba za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kwa kupitia chini ya bahari, na bei zikaanza kushuka. Vyuo vilikuwa tayari vina chama, vina bodi, vina mafundi wa pamoja. Havikuanza kutafutana siku nyaya zilipotua ufuoni, na hilo lilivifaa sana.

KENET inanipa pia mfano mzuri wa jinsi kanuni inavyoweza kuwa muhimu kuliko kifaa. Kuna huduma iitwayo eduroam. Mwanafunzi wa JKUAT akitembelea chuo kingine kilichomo katika huduma hiyo, nchini au ng'ambo, anafungua kompyuta yake na inaingia kwenye mtandao kwa nywila yake ya Juja. Chuo mwenyeji hakimjui. Kinauliza chuo chake, "Huyu ni wenu?" Chuo cha nyumbani kinajibu, "Ni wetu." Basi, anaingia. Sehemu ya kompyuta katika jambo hili ni ndogo. Sehemu kubwa ni ahadi: kila chuo kimekubali kumdhamini mwanafunzi wake, na akifanya maovu akiwa ugenini, chuo chake ndicho kitakachomtafuta. Ahadi hiyo iliandikwa na ikatiwa sahihi, na kila siku watu wasiojuana wanaitegemea.

Mtaniuliza: hayo ni ya kampuni na vyuo vikuu, sisi wa Kiandutu, wa Makongeni, wa Githurai, tunaingia wapi?

Nendeni Kibera. Huko kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii ulioanzishwa na Taasisi ya Tunapanda. Antena zimefungwa juu ya mapaa, moja ikiitazama nyingine, zikiunganisha shule na vituo vya vijana. Masomo ya kidijitali huwekwa katika seva ya hapo hapo mtaani, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuyafungua bila kununua bando. Nendeni pia Mankosi, kijiji cha Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini. Wanakijiji, wakisaidiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, waliunda ushirika uitwao Zenzeleni na kuusajili mwaka 2014. Vituo vyao vilitumia umeme wa jua, na kwa umeme huo huo waliwachajia majirani simu kwa ada ndogo, pesa zikaingia mfuko wa ushirika. Mbali zaidi, huko Catalonia nchini Uhispania, mtandao wa guifi.net ulianza mwaka 2004 katika eneo la wakulima ambalo kampuni kubwa hazikuona faida ya kulifikishia intaneti ya kasi. Una zaidi ya vituo 35,000.

Kwetu Kenya sheria nayo imefungua mlango. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii. Kabla ya hapo, kikundi cha kijiji kilikuwa kikipimwa kwa mizani ya kampuni za biashara. Sasa kuna leseni iliyotengenezwa kwa ajili ya kikundi kidogo kinachohudumia eneo dogo, lisilozidi kaunti ndogo.

Basi tuchukue kwamba majirani wa mtaa mmoja wa Thika wameamua. Wana shule mbili, zahanati, maktaba ya kanisa na nyumba thelathini hivi zinazotaka kujiunga. Nitawaeleza kazi yao ilivyo, na mtaona kwamba antena ni sehemu fupi ya maelezo.

Antena mbili zinazotumia masafa ya gigahezi 5 lazima zionane. Mti mkubwa ukisimama katikati, mawimbi yanafifia. Ghorofa mpya ikijengwa katikati, na ninyi mnajua jinsi Ruiru na Juja zinavyoota ghorofa, mawimbi yanakatika kabisa. Kwa hiyo kikundi kitahitaji paa refu la mtu fulani. Hapo hapo utawala umeanza: mwenye paa atapewa nini? Akihama je? Akiuza nyumba je? Fundi ataruhusiwa kupanda saa ngapi? Kikundi kisichoandika majibu hayo kitayatafuta usiku wa mvua, kifaa kikiwa kimepigwa na radi na mwenye nyumba akiwa hapokei simu.

Halafu jina mbele ya sheria. Watu wanaopatana kwa mdomo hawawezi kupewa leseni wala kufungua akaunti ya benki. Wanaweza kujisajili kama ushirika, na kwa sheria yetu ya vyama vya ushirika watu 10 wanatosha kuanzisha chama cha msingi. Wanaweza pia kujisajili kama kikundi cha jamii. Mimi napendelea ushirika mahali ambapo kuna pesa za kila mwezi, kwa sababu wazee wetu wa kahawa na maziwa katika Kiambu hii wamelea vyama hivyo kwa miaka mingi, na mtaani hamtakosa mama au mzee aliyewahi kukaa katika kamati akazijua njia zake zote, nzuri na mbaya. Mwalikeni. Msimwache nje kwa kuwa hajui kutumia kompyuta. Kusoma ruta kunafundishika kwa wiki chache, lakini kujua lini mwenyekiti anaficha jambo huchukua miaka.

Pesa. Intaneti ya kuingiza mtaani hununuliwa kila mwezi, stima hulipwa kila mwezi, na vifaa huzeeka. Ukigawa gharama za mwezi huu kwa wanachama wa mwezi huu, utakuwa umesahau ruta itakayokufa mwakani. Lazima kuwe na akiba ya vifaa, na akiba hiyo isiguswe kwa sherehe. Je, zahanati ilipe sawa na nyumba? Je, mjane mwenye wajukuu watatu wanaosoma alipe sawa na duka la kuchapisha picha? Watu wema wanaweza kutofautiana hapa. Kinachodhuru ni kuamua kimya kimya, mweka hazina akimpunguzia huyu na kumwongezea yule kwa kuwa anawajua. Viwango vipigiwe kura mkutanoni na kubandikwa ukutani. Malipo yaende kwenye akaunti ya kikundi, kamwe yasiende kwenye M-Pesa ya mtu binafsi hata akiwa mchungaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kweli.

Kuna jambo jingine ambalo vikundi vya maji na vya mikopo havina, na ndilo linanifanya niwasisitizie sana. Anayesimamia ruta kuu anaweza kuona nani amefungua tovuti gani na saa ngapi. Anaweza kujua kwamba nyumba fulani inatafuta habari za ugonjwa fulani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inamhusu mtu huyu hata kama ni kijana wa mtaani anayejitolea. Katiba ya kikundi iseme wazi kumbukumbu zipi zinawekwa, kwa siku ngapi, nani anaruhusiwa kuzisoma na kwa sababu gani, na kwamba akizisambaza atawajibika kwa nani. Mwanachama akija kuuliza, "Mnajua nini kuhusu nyumba yangu?" apewe jibu kamili, kwa heshima.

Na ugomvi utakuja. Mtu atapakua filamu usiku kucha, asubuhi shule ikose intaneti ya somo. Mwaka 2009 mwanamke Mmarekani, Elinor Ostrom, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alikuwa ametumia maisha yake kuchunguza watu wanaomiliki kitu pamoja: wakulima wanaogawana mfereji mmoja, wavuvi wa bahari moja, vijiji vyenye msitu mmoja. Aliona kwamba walioishi na mali yao kwa vizazi walikuwa na mambo yanayofanana. Kanuni zao zilitungwa na watumiaji wenyewe. Mipaka ya nani ni mwanachama ilijulikana. Adhabu ilianza ndogo, ikaongezeka kwa anayerudia kosa. Na palikuwa na mahali pa karibu na rahisi pa kupeleka malalamiko. Wale wa guifi.net wamefuata njia hiyo hiyo. Mgogoro wao huanza kwa kupatanishwa, ukishindikana huenda kwa msuluhishi, na mwisho kabisa kwa mwamuzi ambaye neno lake linashika. Kampuni ndogo zinazofanya biashara juu ya mtandao wao nazo huchangia gharama kwa kadiri zinavyoutumia, ili asiwepo anayevuna asipopanda.

Kwa hiyo yule wa filamu asikatiwe siku ya kwanza. Azungumziwe. Akirudia, kasi yake ipunguzwe saa za masomo, kama kanuni zilivyosema tangu mwanzo. Akiona ameonewa, aende kwa watu watatu waliochaguliwa kusikiliza mashauri, ambao hakuna hata mmoja wao anayeshika ruta wala hazina.

Mtaa huo ukishatulia, wa Ruiru watataka kuunganishwa nao, na pengine wa Juja walio katikati. Kwa kuwa leseni ni ya eneo dogo, kila upande utakuwa na chama chake, na itabidi vyama vikae pamoja. Antena ya Juja inayopitisha mawasiliano ya wengine wawili, nani ailipie? Mtaona ni swali lile lile la wenye kampuni wa Nairobi: nani ashike katikati. Jibu lao mnalo, mnaweza kuliazima au kuliboresha.

Nimebakiza jambo gumu kuliko yote, nalo ni mtu mwema. Karibu kila mtandao wa jamii huanza na mmoja anayejua kila kitu: ndiye aliyefunga antena ya kwanza, ndiye mwenye nywila zote, ndiye anayeamshwa usiku. Watu humpenda, na wanastahili kumpenda. Lakini akiugua, akipata kazi Mombasa, au akikosana na kamati, mtandao mzima unaondoka naye. Haihitaji awe na nia mbaya. Dawa yake ni kazi ya kuchosha: ramani ya kila kifaa iandikwe, nywila ziwekwe katika bahasha mbili zilizotiwa lakiri mikononi mwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, na kila fundi awe na kijana anayemfundisha, msichana kwa mvulana.

Na muda wa kukaa ofisini uwe na mwisho. Katika mkutano mkuu wa mwaka, mkaguzi wa hesabu asome ripoti yake kwa sauti kabla ya kura, ili wapigakura wajue wanampa nani kura yao. Kura zikishahesabiwa, msimamizi anayeondoka akae mbele ya kompyuta pamoja na aliyechaguliwa, wanachama wakiwatazama. Mpya abadilishe nywila zote hapo hapo, moja baada ya nyingine, na katibu aandike katika kumbukumbu saa iliyobadilishwa ya mwisho. Chai isimiminwe mpaka hapo. Aliyeondoka abaki mwanachama, alipe ada yake kama wengine, na mwezi ujao aje kumfundisha kijana wake namna ya kufunga antena ya paa la shule ya pili.